Mafunzo ya kuokoa moyo uliosimama, Amu: maoni ya fundi wa kushona

Wateja wangu wameniuliza sana, kwa hivyo naandika mara moja nimalize. Maswali ni yale yale: yale mafunzo ya kumwokoa mtu ambaye moyo wake umesimama yanafaa? Mwanamke anayaweza? Ada yake ni ya haki? Na ile mashine ya kushtua moyo kwa umeme iliyowekwa karibu na gati, kweli humrudisha mtu? Mimi nimeyapitia hayo mafunzo hapa hapa Amu, yaani mji wa Lamu, nikajiunga na kikundi cha kujitolea cha mtaa, nikakabidhiwa mkoba, na nimeitwa usiku nikaenda. Duka langu la ushonaji liko Langoni. Sikusomea udaktari wala uuguzi. Haya ni maoni ya mtu wa kawaida aliyelipa pesa zake mwenyewe.

Yanafaa. Ada ilikuwa shilingi 2,500, chai na maandazi ndani yake, na sijutii hata senti. Mwanamke anayaweza, tena nitaeleza kwa nini mji huu unamhitaji mwanamke katika kazi hii kuliko unavyomhitaji mwanamume. Lakini mafunzo yenyewe yamekatwa kwa kipimo cha nyumba na miili isiyo ya kwetu, na mpaka tulipoyafumua na kuyashona upya ndipo yakatukaa.

Kwanza jambo lenyewe, maana wengi hulichanganya. Mtu mwenye mshtuko wa moyo, mshipa unaolisha moyo wake umeziba. Anaumwa kifua, anatoka jasho, lakini anasema nawe, na huyo ni wa kukimbizwa hospitali. Ambaye moyo wake umesimama haongei, hajibu ukimtikisa bega ukamwita, na hapumui. Au anakoroma, pumzi moja moja, za mbalimbali. Hiyo mikoromo ndiyo inayowapoteza watu. Mwalimu wetu, muuguzi aliyetoka Malindi, alilala chini sakafuni akatuigia: taya likashuka, koo likatoa sauti, kisha kimya kirefu, kisha tena. Ukumbi mzima ulinyamaza, kwa sababu karibu kila mmoja wetu alikuwa ameshaisikia sauti ile kitandani kwa mtu wake, akaambiwa, "Bado anapumua, mwacheni apumzike." Siyo kupumua. Huyo moyo umesimama, na mikono iwe juu ya kifua saa hiyo hiyo.

Nusu saa ile peke yake ina thamani ya ada yote.

Kisha akatuandikia ubaoni: kila dakika inayopita bila kifua kubonyezwa wala moyo kushtuliwa, matumaini ya mtu kuishi hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Sasa chukua hesabu hiyo uje nayo Amu. Vichochoro vyetu vingi, punda wawili wenye mizigo hawapishani. Gari la wagonjwa halifiki mlangoni. Mgonjwa hubebwa kwa machela, kwa mkokoteni, au mikononi mwa vijana mpaka hospitali ya King Fahd. Aliye Shela ataingizwa botini. Aliye Matondoni au Kipungani ana safari. Na aliye Faza au Kizingitini, huyo yuko mikononi mwa Mungu na maji: maji yakipwa pale kwenye mkondo wa Mkanda, boti husubiri yajae. Nambari ya dharura ya Msalaba Mwekundu, 1199, hailipishwi na ni lazima ipigwe, lakini hata apokee simu nani, hawezi kupanda ngazi za nyumba ya Mkomani akamfika mgonjwa kabla ya jirani wa ukuta kwa ukuta. Uholanzi, Denmark na Uingereza wana programu za simu zinazomwita mtu wa kujitolea aliye karibu na mgonjwa. Sisi tuna kundi la WhatsApp na orodha ya nani analala mtaa gani. Na kwa kuwa usiku wengi huzima data, kanuni yetu ni kupiga simu kwanza, ujumbe baadaye.

Niseme kuhusu ukumbi na vifaa. Tulikuwa katika darasa la shule, Jumamosi na Jumapili, viti vya watoto, feni moja. Joto lilikuwa kali. Sanamu za mafunzo ni viwiliwili vya plastiki na mpira, kuanzia kichwa mpaka kiunoni, vyenye mapafu ya mfuko ndani. Ukibonyeza kifua mpaka kina kinachotakiwa, sanamu inalia "ka!" Kina chenyewe ni sentimita 5, isizidi 6, kwa mtu mzima. Watu hawaamini mpaka wabonyeze. Bi mkubwa mmoja darasani, mwenye mikono iliyozoea kukuna nazi na kukanda, aliweka viganja vyake katikati ya kifua, kwenye mfupa wa kidari, akanyoosha viwiko, akashuka kwa uzito wa mabega, na "ka" yake ikatoka ya kwanza darasa zima. Vijana wa boti, wenye mikono mipana, walikuwa wakikunja viwiko na kusukuma kwa misuli. Baada ya muda mfupi walikuwa wanahema na sanamu iko kimya. Nguvu iko mabegani na mgongoni, na kiwiko kisikunjwe. Na ukishabonyeza, uachie kifua kirudi juu chote ndipo ushuke tena, maana moyo hujaa damu wakati wa kuachia.

Mwalimu alitusimulia kwamba sanamu ya kwanza ya aina hii ilitoka mwaka 1960, ikatengenezwa na Asmund Laerdal wa Norway, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza wanasesere na vitu vya kuchezea watoto. Uso wake, inasimuliwa, ulifuatizwa sura ya msichana asiyejulikana jina aliyetolewa mtoni Seine, Paris. Mwaka huo huo wa 1960 ndipo Kouwenhoven na wenzake wa Johns Hopkins, kule Baltimore, walipotangaza njia hii ya kubonyeza kifua kwa mikono bila kukipasua. Habari hii niliipenda kwa ajili ya ufundi. Madaktari walijua la kufanya, lakini aliyewapa watu wa kawaida mwili wa kujifunzia ni mtu wa mikono, mjua mpira na ukungu wa kumiminia.

Mwendo ni mibonyezo 100 hadi 120 kwa dakika. Mwalimu alikuja na kidude cha kielektroniki kinacholia tik-tik, betri ikamwishia kabla ya adhuhuri. Kijana mmoja wa Langoni anayepiga matwari kwenye maulidi akaomba aende nyumbani, akarudi na twari lake, mwalimu akamshikia saa mpaka mwendo ukatulia mahali pake. Tukabonyeza kwa twari mchana mzima. Nawaambia, hakuna aliyeusahau mwendo ule. Mibonyezo 30, pumzi 2, mibonyezo 30, pumzi 2, na kila dakika 2 mnabadilishana, kwa sababu hata mwenye nguvu huanza kubonyeza juu juu bila mwenyewe kujua. Asiyeweza au asiyetaka kupuliza pumzi, abonyeze tu bila kusimama. Ni bora mara nyingi kuliko kusimama ukitazama.

Sasa nije kwenye yale ambayo mafunzo hayakuwa nayo, na ambayo ilibidi tuyatie wenyewe.

La kwanza ni kitanda. Katika kitabu cha mafunzo, mtu ameanguka sakafuni, chumba kikubwa, mwanga wa kutosha. Kwetu mtu huanguka akiwa amelala kitanda cha kamba, au watu humwokota wakamlaza juu yake kwa heshima. Ukibonyeza kifua juu ya kamba, kamba ndizo zinazoshuka, kifua kimebaki pale pale, na jasho lako limekwenda bure. Tulimwomba mwalimu tujaribu, tukaiweka sanamu juu ya kitanda cha kamba tulichoazima nyumba ya jirani. Haikulia "ka" hata mara moja. Kwa hivyo mgonjwa ashushwe chini, juu ya mkeka, hata kama mzee mwenye nyumba anaona ni kumvunjia heshima. Tumejifunza kumwambia kwa upole na kwa haraka: "Baba, tumuweke chini kidogo, tumsaidie."

La pili ni watu. Mtu akianguka hapa, nyumba hujaa. Kuna atakayemkalisha na kumwegemeza kifuani, atakayempepea kwa kipepeo, atakayemnusisha kitunguu, atakayemrushia maji usoni, na atakayemsomea. Wote wanafanya kwa mapenzi. Kitabu kinasema "ondoa watu", basi. Huwezi kumwondoa mama kwa mtoto wake katika nyumba yake. Sisi tumekubaliana kumpa kila mtu kazi: wewe baba kasimame mlangoni uwaonyeshe wenye machela njia, wewe binti shika tochi, wewe shangazi msomee hapa kichwani, sisi tuko kifuani. Kisomo hakizuii kubonyeza, na kubonyeza hakuzuii kisomo.

La tatu ndilo kubwa, na ndilo lililonifanya niandike. Sanamu zote za mafunzo zilikuwa na vifua bapa, vifua vya kiume, bila nguo. Katika picha za kitabu pia. Lakini nyumba za Amu zina ndani yake, yaani vyumba vya faragha vya wenye nyumba, na mwanamume wa nje haingii ndani alikolala mwanamke. Mwanamke akianguka ndani, vijana wa kikundi husimama kwenye daka la mlangoni au wakafika kiwandani, yaani uani, wakiwa na ujuzi wote na mashine mkononi, wakingojea ruhusa. Dakika zinakwenda. Na hata ruhusa ikipatikana, kijana huona haya kuweka mikono kifuani kwa mama mtu mzima. Wala si haya ya Waswahili peke yao: utafiti uliofanywa Marekani umeonyesha kwamba mwanamke akianguka hadharani, uwezekano wa wapita njia kumbonyeza kifua ni mdogo kuliko akianguka mwanamume. Huko hakuna ndani wala buibui, na bado.

Mmoja wa wanawake wa kikundi alimpelekea shekhe wa msikiti wa mtaani kwao suala hili, naye akalizungumza baada ya sala: darura, yaani hali ya kulazimika, ina hukumu yake, na aliye karibu amsaidie aliyeanguka, mwanamume kwa mwanamke na mwanamke kwa mwanamume. Liliwafungua wengi. Lakini mimi nasema, ruhusa ni kitu kimoja na mlango ulio wazi ni kingine. Mwanamke habishi hodi akangojea. Anaita shemeji yake, anapita, yuko ndani. Kikundi chenye wanaume watupu katika mji wa mawe ni nusu kikundi. Nasikitika kwamba waandaaji wa mafunzo hawakulifikiria hili, wakapeleka mwaliko kwa vijana wa boti na wa mahoteli tu, na sisi wanawake tukajiingiza kwa kusikia.

Kisha nguo. Hapa ndipo kazi yangu ilipofaa. Mashine ya kushtua moyo, ile iitwayo AED, ina vibandiko viwili vinavyotakiwa kushika ngozi tupu na kavu: kimoja chini ya mtulinga wa kulia, kingine ubavuni kushoto, chini kidogo ya kwapa. Haviwezi kukaa juu ya nguo. Mkoba tuliopewa una mkasi wa huduma ya kwanza, ule wenye ncha butu iliyopinda. Niliujaribu dukani kwangu juu ya vipande. Leso unakata. Dira ya pamba unakata kwa taabu. Buibui la kitambaa kizito chenye pindo, ukifika kwenye mshono wa mara mbili unatafuna, unakunja kitambaa kati ya makali yake, na hautoki. Hicho ni kifaa cha bei rahisi na kimewekwa mle kujaza mkoba. Nimetoa ule na kutia mkasi wa fundi, inchi 8, nimeunoa mwenyewe na kuufunika ncha yake ala ya ngozi ili usimchome mtu. Unapita kutoka shingoni mpaka kitovuni kwa mkupuo mmoja, pamoja na sidiria. Sidiria ikatwe katikati mbele. Usihangaike na vifungo vya mgongoni.

Na baada ya kukata, mwanamke huyu yuko kifua wazi mbele ya watu. Nimeshona shuka ya sitara kwa ajili hiyo. Ni kitambaa cha pamba cheusi, upana wa leso moja na nusu, kina mpasuo mbele unaofungwa kwa utepe wa kunata wa krii-krii, siyo vifungo. Unamfunika mara tu nguo inapokatwa, mpasuo ukiwa juu ya kidari. Mikono ya mbonyezaji inaingia mle, na ubavuni kushoto kuna tundu lenye kifuniko cha kupitishia kibandiko. Haizuii kuona kifua kikipanda na kushuka. Tumeijaribu wanawake kwa wanawake mpaka tukaipunguza urefu, maana ya kwanza ilikuwa ikikanyagwa na magoti. Sasa kila mkoba wa kikundi unayo, na waume za watu wameniambia wazi kwamba sitara ile ndiyo iliyowapa moyo wa kusema "pitani". Ikiwa kuna mwenye kutaka mfano wake apeleke kwao, Siyu au Pate au Malindi, aje nimpe kipimo bure.

Mashine yenyewe ni nzuri kwa kazi yake, na kazi hiyo ni lazima ieleweke, maana watu wameijengea matumaini yasiyo yake. Vijana wote wanamkumbuka Christian Eriksen, aliyeanguka uwanjani Copenhagen tarehe 12 Juni 2021, Denmark ikicheza na Finland, akabonyezwa kifua na kushtuliwa moyo pale pale nyasini, akaishi, na mwaka uliofuata akarudi kucheza. Basi wakadhani ukileta mashine, mtu anaamka. Mashine huupima moyo. Ikiukuta unatetemeka ovyo bila kusukuma damu, huushtua ili mtetemo ule ukatike na moyo upate kupiga kwa mpango wake. Ikiukuta umenyamaza kabisa, haishtui, na inakwambia uendelee kubonyeza. Ni vigumu kumdhuru mgonjwa kwa makosa yako, kwani haitoi umeme mpaka ione inastahili. Hilo liliwatuliza wengi darasani. Na mkononi ni nyepesi. Nimepanda nayo ngazi za nyumba ya ghorofa bila kuchoka.

Kasoro zake ni mbili. Inasema Kiingereza tu. Usiku, katika nyumba iliyojaa vilio, sauti ya Kiingereza ikitoka sandukuni watu hushtuka na mbonyezaji aliyeishia darasa la nane hubabaika. Tumeandika hatua zake kwa Kiswahili kwenye karatasi, tukaipitisha plastiki na kuigandisha ndani ya kifuniko: washa, bandika, usimguse, bonyeza kitufe kinachomemeta, endelea kifuani. Kasoro ya pili ni gharama ya kuitunza. Vibandiko vina tarehe ya mwisho, gundi yake hukauka, na betri nayo ina umri wake. Kuna taa ndogo ya kijani inayomemeta kuonyesha kwamba iko tayari. Mmoja wetu huipita kila asubuhi akienda sokoni, akaiangalia. Isiachwe botini juani. Joto na chumvi havina huruma na kitu chochote chenye waya.

Na iwekwe mahali pasipofungwa. Mwanzo ilikuwa katika ofisi moja ambayo sitaitaja, kwa kuwa walikuwa na kabati zuri la kioo. Ofisi ikifungwa saa 11 jioni, kabati nalo limefungwa, na mwenye ufunguo analala ng'ambo, Mokowe. Tulilalamika mpaka tukachoka. Alhamdulillahi sasa iko kwenye nyumba ya wageni yenye mlinzi usiku kucha, na mlinzi mwenyewe amefunzwa.

Nieleze mwito mmoja, ili anayefikiria kujiunga ajue anachojiungia. Sitasema mtaa wala nyumba ya nani. Simu ililia baada ya watu kulala. Mama wa makamo, amepatikana ndani hajibu. Nilichukua mkoba, nikavaa buibui njiani, na mwenzangu, mwalimu wa chuo, tukakutana naye pembeni mwa nyumba ile. Vijana wawili wa kikundi walikuwa wameshafika na mashine, wamesimama kiwandani. Tukaichukua mikononi mwao tukaingia. Alikuwa kitandani, dada yake amemkumbatia. Tulimshusha kwenye mkeka. Mwenzangu akaanza kubonyeza, mimi nikakata, nikafunika, nikabandika. Mashine ikapima, ikasema haishtui. Tukaendelea. Ubavu mmoja ulilia chini ya viganja vyangu. Mwalimu alikuwa ametuambia kwamba mbavu huweza kuvunjika na usiache kwa sababu hiyo, nikaendelea. Tulibadilishana mpaka vijana wakaja na machela, na kwenye ngazi tukasimama kila kidato kipana, tukamlaza, tukabonyeza, tukainua tena, kwa sababu kumkimbiza bila kumbonyeza ni kumpoteza njiani. King Fahd walimpokea wakaendelea naye. Alifariki kabla ya alfajiri, Mungu amrehemu.

Familia ile haikutulaumu. Mume wake alikuja dukani baada ya siku za matanga, akakaa kwenye benchi, akaniambia kwamba amepumzika moyo kujua mkewe alishughulikiwa na wanawake, amefunikwa, na hakuna kilichoachwa kufanywa. Hilo darasani hawakulisema, na naliweka hapa kwa kuwa ni kweli: mara nyingi hatutamrudisha. Moyo uliosimama ni jambo zito hata mbele ya madaktari wenye kila kifaa. Anayejiunga akitafuta ushindi atavunjika moyo mapema.

Ndiyo maana natoa alama ndogo kwa mafunzo katika jambo la baada ya mwito. Hakuna hata ukurasa mmoja juu ya mbonyezaji mwenyewe, anarudije nyumbani, anafanya nini na mikono yake. Baada ya usiku ule sikuweza kushona. Nilikuwa nikikanyaga cherehani, nikihesabu moja mpaka thelathini. Tumejipangia wenyewe: kila mwito ukiisha, jioni yake waliokwenda na wasiokwenda tunakutana kwa tangawizi, kila mtu anasema alichokiona, mpaka kimtoke. Mafunzo yajayo waweke jambo hili, tafadhali.

Kuzama pia kulipitishwa haraka mno, katika mji uliozungukwa na bahari. Aliyetolewa majini huanziwa na pumzi ndipo ifuate mibonyezo ya kifua, kwa sababu kilichomuua ni kukosa hewa. Na kifua kikaushwe vizuri kabla ya vibandiko. Hayo yalisemwa dakika za mwisho, watu wakifunga mikoba. Na vijana wa boti ndio walioyatumia: walimtoa kijana aliyezama karibu na gati, wakampulizia, akatapika maji, akalia. Yu mzima, anakwenda shule. Wakati ule ungeongezwa, ningeyapa mafunzo alama zote tano. Kwa sasa nayapa nne. Mkoba naupa mbili, kwa sababu ya ule mkasi na barakoa ya kupulizia iliyokuja na vali iliyopasuka. Mashine nne. Mwalimu tano, na angekuwepo wa kike naye, ningeongeza ya sita.

Karatasi za mafunzo ni za Kiingereza na ni nyepesi. Usizitegemee, andika mwenyewe kwa daftari. Nendeni na nguo pana inayoruhusu kupiga magoti. Mwenye goti bovu aseme mapema, atapewa kazi ya simu na tochi, nayo ni kazi. Cheti kinatolewa jioni ya pili, na marudio yafanywe angalau kila mwaka, maana mikono husahau.

Wanawake wanaotafutwa sasa ni wa Shela na wa Matondoni, hasa wanaolala huko siku zote. Na mwenye uwezo wa kuchangia, kinachokosekana ni vibandiko vya watoto, vya walio chini ya miaka 8 au kilo 25. Tulivyonavyo ni vya watu wazima tu.